Uzi: Chumba cha michezo kwa watoto wenye ulemavu. Sakafu kwanza, katuni za ukutani baadaye (au zisiwepo kabisa)

Seremala wa Msamvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda anatokea mtu humu kuuliza namna ya kuandaa chumba cha kuchezea watoto wenye ulemavu. Mara ni mwalimu wa kitengo maalum, mara kikundi cha wazazi, mara mwenye kituo cha kulelea watoto mchana. Majibu anayopewa ni orodha ya vitu vya kuagiza China. Mimi ni seremala wa hapa Morogoro, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni viti, meza na vifaa vya watoto wenye mtindio wa ubongo, mgongo wazi na mengine ya namna hiyo. Niliyonayo nimeyapata kwa wataalamu wa fiziotherapia na kwa akina mama, ambao wanaijua miili ya watoto wao kuliko sisi wote. Naandika kwa kirefu, asiye na muda apite tu.

Kwa nini chumba cha ndani? Kwa sababu wengi wa watoto hawa tayari wanashinda ndani. Mwenye ualbino jua linamuunguza ngozi na kumuumiza macho. Asiyekaza shingo huwezi kumlaza uwanjani kwenye kokoto. Masika ikiingia, kiti mwendo hakitoki hata mlangoni. Basi anabaki kwenye mkeka anatazama dari. Tunachoweza kubadilisha ni kile kinachomzunguka hapo alipo.

Mambo ya sheria nayapitia haraka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Ibara ya 31, unasema mtoto ana haki ya kucheza. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, Ibara ya 30, unamtaja kabisa mtoto mwenye ulemavu na michezo. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Ukienda kuomba chumba kwa mtendaji wa kata au mwalimu mkuu, beba hayo mfukoni, maana neno "haki" linafungua milango ambayo neno "msaada" linaishia kwenye kikao kijacho.

Kabla hatujagusa nyundo, swali moja: mtoto akishaingia humo ndani, ni jambo gani anaweza kulifanya litokee yeye mwenyewe, bila mkono wa mtu mzima? Agonge kitu kilie, avute kitu kije, abonyeze kitu kizunguke. Kama halipo hata moja, hapo mmetengeneza chumba cha mazoezi chenye rangi nzuri. Yote ninayoandika chini yametoka kwenye swali hilo.

SAKAFU. Bajeti ikiwa ndogo, naomba iishie hapa. Wengi wanatambaa, wanajivuta kwa makalio au wanabingirika, kwa hiyo sakafu ndiyo uwanja wao. Saruji tupu inachubua magoti na asubuhi ina baridi. Vigae vinavyong'aa vinateleza vikipata mate au mkojo, na kwa mwenye uoni hafifu vinarudisha mwanga machoni. Ile mikeka ya sponji inayounganishwa vipande vipande inafaa, ila ununue minene, na vipande vidogo vya pembeni uvigundishe, la sivyo vitaishia mdomoni. Bora zaidi ni fundi sofa akushonee magodoro bapa ya sponji ngumu, unene wa sentimita tano hivi, yafunikwe reksini. Reksini inafutika, kitambaa kinanuka ndani ya wiki.

Lakini chumba chote kisijae sponji. Tairi ndogo za mbele za kiti mwendo zinazama humo, na mtoto wa fremu ya kutembelea anapepesuka. Upande mmoja uwe mgumu na tambarare, mwingine laini, na pale vinapokutana pachongwe mteremko, rangi ibadilike wazi ili hata asiyeona vizuri ajue amevuka.

MLANGO. Upana wa kupita usipungue sentimita 80, na unapima mlango ukiwa umefunguliwa. Kupima fremu ni kujidanganya. Kiti mwendo kugeuka kinataka duara la mita moja na nusu, kwa hiyo acheni kupanga makabati katikati. Kizingiti kama kipo, mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kimo cha sentimita 10 kinadai urefu wa sentimita 120. Mafundi wengi wanafupisha hapo, na mama anajikuta anasukuma kiti kama mkokoteni wa maji.

BARAZA. Waliokulia pwani wanaijua baraza ya saruji mbele ya nyumba. Jenga kitu hicho humo ndani kwa mbao, kando ya ule upande laini, kimo sawa na kikalio cha viti mwendo mlivyonavyo (pima, usikisie). Viwango vya Marekani vya sehemu za michezo vinataka jukwaa la kuhamia liwe kati ya sentimita 28 na 46 kutoka chini, na upana wa sentimita 60 hivi. Mtoto mwenye nguvu za mikono anasogeza kiti ubavuni, anajihamisha mwenyewe hadi kwenye baraza, kisha anashuka kwa ngazi mbili za sponji hadi chini. Ambaye hawezi, mama anamtelezesha badala ya kumbeba. Mtoto wa miaka kumi si wa kunyanyuliwa kutoka sakafuni kila siku, migongo ya akina mama inaisha.

KUTA. Hapa najua nitagombana na watu. Acheni kuchora katuni kila ukuta. Wafadhili wanazipenda kwenye picha, watoto wengi haziwasaidii. Baadhi ya wenye mtindio wa ubongo macho ni mazima ila ubongo unashindwa kusoma picha yenye vitu vingi. Anayeona hivyo anakihitaji kitu kimoja, cha rangi kali kama nyekundu au njano, kinachotikisika kidogo, nyuma yake pawe peusi. Paka kuta rangi moja tulivu isiyong'aa. Kona moja tundika kaniki kutoka juu hadi chini, hapo ndipo pa kuonyeshea vitu kwa tochi au kwa taa ndogo za mapambo. Taa hizo ziwe kwenye hali ya kuwaka mfululizo, zisiwe za kumetameta, maana wengi wao wana kifafa. Uholanzi miaka ya 1970 walianza vyumba vya namna hii wakaviita Snoezelen, na leo vinauzwa kwa bei ya gari. Kaniki na tochi vinafanya sehemu kubwa ya kazi ileile.

UBAO WA MLIO. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Alikibuni Lilli Nielsen wa Denmark, aliyefanya kazi maisha yake yote na watoto wasioona wenye ulemavu mwingine juu yake. Chukua plaiwudi nyembamba ya milimita 4, mita moja na robo kila upande, chini yake pigilia ukingo wa mbao wa sentimita mbili kuzunguka pembe zote. Kwa hiyo plaiwudi inakaa hewani, haigusi sakafu. Piga msasa hadi mkono upite bila kukwaruzwa. Mlaze mtoto juu yake. Akisogeza kisigino, ubao mzima unalia na kutetemeka chini ya mgongo wake. Ananyamaza, anasikiliza, anasogeza tena. Weka pembeni vifuu, vijiko, mnyororo, bakuli la bati. Wakati huo mtu mzima afunge mdomo. Huyo Nielsen alisisitiza sana kwamba mtoto akiwa kazini usimkatize kwa kumsifu, na naona alikuwa sahihi.

Alikuwa pia na kijumba: kuta tatu na dari ya plastiki angavu, vitu vimening'inizwa kwa lastiki juu ya kifua cha mtoto, kila kimoja mahali pake palepale kila siku ili ajue atakikuta wapi. Funguo, brashi, kengele, kipande cha ukindu. Boksi la friji linatosha kuanzia.

SWICHI. Tulieni hapa, ndipo penye uhondo. Toi nyingi za betri zina kitufe kidogo ambacho mkono uliokakamaa haukiwezi. Kata vipande viwili vidogo vya bati la kopo la maziwa, kingo upige tupa zisikate. Kila kimoja kiunganishe waya kwa risasi ya kulehemu. Kati yake weka kipande cha plastiki ngumu kisipitishe umeme, gundisha. Sasa una biskuti nyembamba ya tabaka tatu. Ichomeke kati ya kichwa cha betri na chuma kinachoigusa. Toi umeiwasha lakini haiendi, kwa sababu njia imekatika hapo. Zile nyaya mbili peleka kwenye swichi ya kengele ya mlango, ambayo inashika ikibonyezwa na kuachia ikiachwa. Ifungie chini ya kifuniko cha ndoo chenye bawaba. Mtoto akipiga kifuniko kwa ngumi, kiwiko au kisigino, gari linakwenda, akiacha, linasimama. Wapo wanaokipiga mchana kutwa.

Maangalizo mawili. Ni betri tu, kamwe usijaribu kwa kifaa cha umeme wa ukutani. Na chagua toi yenye swichi ya kusogeza ya kuwasha na kuzima. Hizi za kisasa zenye kitufe cha kielektroniki, umeme ukikatika zinasahau, mpaka uziwashe upya.

VITI. Zimbabwe alikuwepo mwalimu, Bevill Packer, aliyeonyesha watu namna ya kutengeneza samani kwa maboksi na karatasi kuukuu, tangu miaka ya 1970. Gundi ni uji wa unga wa ngano. Unabandika tabaka juu ya tabaka, unakandamiza, unakausha juani, unapaka vanishi. Kikikauka sawasawa mtu mzima anakikalia. Uzuri wake ni kwamba kiti unakikata kwa kipimo cha mtoto mmoja: kona ya kushika mgongo, kigingi cha kutenganisha mapaja, meza yenye kingo vitu visidondoke. Maadui wake ni maji na mchwa, na ukanda wa pwani kinachukua muda mrefu kukauka. Ndiyo, seremala nawashauri mtumie maboksi. Mbao zina kazi nyingine.

Meza ya kuchezea akiwa kwenye kiti mwendo iache nafasi ya magoti ya sentimita 61 hivi chini yake. Rafu za vitu vya kuchezea, kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane aliyekaa, ziwe kati ya sentimita 46 na mita moja kutoka chini. Kilicho juu ya hapo ni cha mlezi.

Bwawa la mipira sijaliweka. Linameza hela, asiyekaza mwili anazama, na kuosha ile mipira yote ni kazi ambayo hakuna anayeifanya ikishapita miezi miwili. Mahindi na maharage kwenye beseni nayo yanavutia panya.

Chooni wekeni benchi imara la urefu wa mtu, lenye reksini. Mtoto mkubwa anayevaa nepi anabadilishiwa sakafuni mwa choo kwa kukosa ubao mmoja tu.

Naweka kituo. Maswali karibuni.

---

mama_pacha

Asante sana kaka seremala, nimehifadhi. Ila naona umeongelea zaidi wa viungo. Wangu ana usonji, anatembea, anakimbia, anapanda. Kinachomshinda ni kelele. Tukimpeleka penye watoto wengi anaziba masikio, anajipiga kichwa. Kwenye chumba kama hicho atakaa wapi?

---

Mwalimu wa Kitengo

Mama pacha, nafundisha wenye usonji, nikujibu kidogo.

Kwanza mwangwi. Chumba cha bati juu, vigae chini na kuta tupu kinapiga kelele chenyewe. Magodoro ya sakafuni yanasaidia, ongeza mapazia mazito, na vitrei vya mayai ukutani hapana, havizuii lolote na vinashika moto vibaya. Pili, pawe na pa kujificha: hema dogo, au kabati lililotolewa milango, ndani mto. Mtoto akiingia humo hafuatwi. Tatu, kila kasha la vitu vya kuchezea lina picha ya kilichomo, na ukutani kuna mfuatano wa picha: tunaingia, tunavua viatu, tunacheza, tunanawa, tunaondoka. Akijua mwisho uko wapi hapigani nao. Nne, taa za mirija zinazonguruma na kupepesa zitolewe, wewe huzisikii, yeye anazisikia.

Na apande! Wekeni kitu cha kupanda, la sivyo atapanda dirisha.

---

Kibaraka Huru

Uzi mzuri, lakini tuwe wakweli. Mzazi hana nauli ya kliniki, mtoto hana dawa za kifafa, nyie mnaongelea kaniki na tochi. Hizo nguvu zingeenda kwenye matibabu kwanza. Mchezo ni anasa.

---

Viungo na Misuli

Kibaraka, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Dawa za kifafa zije kwanza, hapo hatubishani. Lakini mtoto hanyooshi mkono kwa sababu nimemwamuru. Anaunyoosha kwa sababu mbele yake kuna kitu anakitaka. Mazoezi ninayofanya naye kliniki ni nusu saa, tena analia. Zile saa nyingine zote za wiki ndizo zinazoamua mkono utafunguka au utakakamaa.

Ila namuunga mkono seremala kwenye jambo moja ambalo wenzangu hawalipendi: msigeuze chumba hicho kuwa tawi la kliniki. Nikiingia na koti jeupe wanaanza kulia.

Niongeze tahadhari, maana naona hakuna aliyezigusa. Mtoto mwenye Down syndrome anaweza kuwa na viungo vya shingo vilivyolegea. Asipigishwe vichwangomba wala kuruka kwenye trampolini mpaka daktari amwone. Wenye mgongo wazi, wengi wao mwili unakataa lateksi (mpira wa utomvu wa mti), kwa hiyo maputo na glavu za mpira zisiingie humo. Sherehe za kuzaliwa zinasahau hilo kila mara. Mwenye mgongo wazi pia hahisi miguuni: kagueni ngozi yake akimaliza kujivuta sakafuni, anaweza kuchubuka vibaya bila kulia.

Degedege likimkuta mtoto humo: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, tazama saa. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumkandamiza. Likipita dakika tano, ni hospitali.

---

Kibaraka Huru

Haya, nimekusoma daktari. Bado naona wafadhili watajenga vyumba, wapige picha, wafunge kufuli.

---

Seremala wa Msamvu

Kibaraka, kwenye kufuli hatutofautiani. Vipo vyumba vizuri ambavyo ufunguo uko kwa mkuu, na mkuu yuko semina. Ndiyo maana nasisitiza vitu vya fundi wa mtaani. Kikivunjika kinashonwa, hakisubiri vipuri wala mgeni rasmi.

---

Bint Likoni

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi niko Mombasa, hujitolea na watoto wasioona. Naona mwatafuta mbali na michezo iko mlangoni.

Bao! Safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Lote huchezwa kwa vidole. Hata shimo la nyumba huchongwa pembe nne, kwa hivyo mtoto hulijua kwa kuligusa tu. Watoto wadogo wape ubao wa safu mbili, mashimo makubwa yenye kina, kete ziwe za kushikika. Fundi, hiyo ni kazi yako. Mdako pia huchezwa watu wamekaa chini, aliye na miguu na asiye na miguu ni sawa.

Rede yachezeka ndani kwa mpira laini wenye njuga ndani. Zamani tulikuwa twaufunga mpira ndani ya karatasi ya plastiki ukalia ukibingirika, lakini tangu 2017 mifuko hiyo ni marufuku hapa Kenya, na nyinyi mkafuata 2019, kwa hivyo usije ukakamatwa kwa ajili ya rede. Karatasi ya pakiti ya krispi hulia vilevile. Wakubwa kidogo wafunzeni goalball. Mchezo huu ulianzishwa 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho vitani. Wachezaji hulala chini kuzuia mpira wenye kengele, na wanaoona huzibwa macho ili wote wawe sawa. Hapo ndipo utaona watoto wa jirani wakisukumana kuingia.

Jambo jingine, chumba kisipangwe upya kila wiki. Asiyeona hukijenga chumba kichwani mwake. Ukihamisha meza bila kumwambia umembomolea.

Kwa viziwi: mwite kwa kuzima na kuwasha taa mara mbili, na usisimame na dirisha mgongoni, hataona mikono wala midomo yako.

---

Viungo na Misuli

Dada Bint Likoni umenikumbusha: kama kuna mtoto mwenye kipandikizi cha sikio (kifaa cha kusikia kilichowekwa kwa upasuaji), muwe makini na mteremko wa kutelezea wa plastiki. Plastiki ikisuguana na nguo inazalisha umeme tuli, na unaweza kuharibu kifaa. Wa chuma hauna shida hiyo, au avue kile kifaa cha nje kwanza.

---

Mswahili wa Leicester

Nafuatilia kutoka Uingereza. Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Huku vyumba vya michezo ya ndani ni biashara kubwa, na kwingi wameweka saa maalum kwa watoto wenye ulemavu: muziki unazimwa, idadi inapunguzwa. Ni nzuri kwa wenye usonji, sikatai. Lakini saa zenyewe ni Jumapili alfajiri, au Jumanne wakati watoto wako shule. Halafu wenye biashara wanajiona wamemaliza, hizo siku nyingine jengo ni lilelile la ngazi na nyavu. Sitaki binti yangu awe na ratiba ya pembeni. Anataka kucheza na binamu zake Jumamosi mchana.

Kwenye choo, seremala umenena. Hapa ilianza kampeni mwaka 2006 kwa ajili ya vyoo vyenye benchi la mtu mzima na winchi ya kunyanyulia, na England tangu 2021 majengo makubwa mapya ya umma yanalazimika kuwa navyo. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wanatandika koti sakafuni kama huko kwetu.

---

mama_pacha

Kaka wa Leicester, mimi hiyo saa tulivu ningeichukua hata ingekuwa alfajiri. Wangu Jumamosi mchana hawezi, na si kosa la jengo.

---

Mswahili wa Leicester

Nakuelewa dada. Labda ziwepo zote mbili, ila ya kwanza isiwe kisingizio cha kutoigusa ya pili.

---

Chogo wa Mbagala

Kwenye mall moja hapa Dar tulikatazwa kuingia na kiti mwendo, eti magurudumu yanachafua zulia. Tulikuwa tumelipa tayari. Mnafanyaje?

---

Seremala wa Msamvu

Chogo, pole sana. Fundi cherehani anaweza kukushonea vifuniko vya tairi: mfereji wa kitambaa cha turubai chenye lastiki pande zote mbili, unavalisha gurudumu mlangoni kama wengine wanavyovua viatu. Mbele ya mhudumu hoja ya uchafu inaisha hapohapo. Akikuletea nyingine, mwite meneja, maana hapo shida haikuwa zulia.

---

Mjasiriamali Mdogo

Wakuu, kikundi chetu cha wazazi tunawaza ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu inaweza kujenga chumba?

---

Seremala wa Msamvu

Ushauri wangu, msiubebeshe mkopo chumba kisichoingiza hela. Ule hauna riba, lakini unarudishwa. Kopeni kwa kitu kinachozalisha, kushona hayo magodoro ya reksini kwa mfano, shule na vituo vinayahitaji, halafu faida ndiyo iingie kwenye chumba. Jengo lenyewe ombeni: stoo ya shule, ukumbi wa kanisa, chumba cha madrasa kinachokaa wazi asubuhi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata awe wa kwanza kujua, anajua pia familia ambazo watoto hawatolewi nje.

Na bembea, kwa kuwa watu wawili wameniuliza faragha. Usitundike kwenye kenchi bila fundi wa paa kuikagua. Mtoto akibembea, mzigo unaweza kufika maradufu ya uzito wake na zaidi. Mimi natundika mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 na kuiacha usiku kucha, asubuhi naangalia kama boriti imepinda au bolti imelegea. Bolti ipenye boriti hadi upande wa pili na kufungwa nati. Ndoano ya kuskrubu hapana. Chini yake godoro.

---

Mama Tumaini

Samahani kaka kwa kuchelewa, nimesoma wote hadi hapa. Wangu ana miaka saba, mikono yote imekakamaa, miguu pia. Anachokiweza ni kugeuza kichwa kulia. Kushoto anageuza kwa shida. Hiyo swichi ya kifuniko cha ndoo itamfaa kweli?

---

Seremala wa Msamvu

Itamfaa, mama Tumaini, ila tunaihamisha. Badala ya kifuniko cha ndoo tunatumia cha kopo dogo, tunakifunika sponji na kitambaa laini, tunakifunga kwenye mkono wa mbao unaotoka nyuma ya kiti hadi pembeni mwa shavu lake la kulia, kiache nafasi ya vidole viwili. Kisimguse akiwa amepumzika, la sivyo kitakuwa kinawaka chenyewe naye hatajua kama ni yeye. Mkono huo uwe na nati ya kukazwa kwa vidole ili uusogeze siku akiwa amechoka. Waya upite nyuma ya kiti, usipite shingoni.

Toi ya kuanzia iwe ya sauti au mwanga, isiwe ya kukimbia, maana gari likiondoka mbele yake hawezi kulifuata kwa macho. Na kwa sababu anageuka kulia, kitu chenyewe kiwe kulia kwake hukohuko. Ukikiweka mbele, kila akibonyeza anakipoteza.

Nitumie faragha vipimo vitatu akiwa amekaa: kutoka kikalio hadi shavuni, upana wa mabega, na unene wa mgongo wa kiti. Na picha ya kiti kwa nyuma. Usoni pake usipige.